Mikutano ya Kila Mwezi si Jambo Geni Tanga



Katika mkutano mkuu uliopita mzee wetu mmoja alisimama akauliza swali lililotuchekesha, kisha likatunyamazisha. Alisema: "Mnatuomba fedha za pango, tumewaelewa. Mnatuomba fedha za kompyuta, tumewaelewa. Lakini fedha za watu kukutana kila mwezi, wanywe kahawa na kuzungumza, hizo za nini? Tangu lini watu wa Tanga wakalipiwa kuzungumza?"

Mimi kama mhazini nilikuwa na karatasi ya makisio mkononi. Nikaona kwamba fungu aliloligusa mzee lilikuwa dogo kuliko yote, na ndilo pekee lililokosa mtetezi. Nikaahidi kumjibu. Kamati imenipa kurasa hizi za kijitabu chetu cha mwaka nitimize ahadi, nami nawashukuru.

Jibu langu ni la historia, ingawa mwishoni hesabu itakuja yenyewe. Nilipoanza kusoma na kuuliza, niliona kwamba mengi yaliyoupa mji wetu jina yalianza kwa watu waliokutana kwa siku waliyoipanga, wakachanga kidogo kidogo, wakaandika walichochanga. Niliona pia kwamba mengi yaliyokufa hayakufa kwa kukosa vipaji.

Mwezi wa gazeti na mwezi wa kipande

Tuanze na neno lenyewe, mwezi. Katikati ya miaka ya 1890 wamisionari wa UMCA pale Magila, Muheza, walianza kuchapa gazeti la Kiswahili wakaliita Habari za Mwezi. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, shule ya serikali ya Wajerumani hapa Tanga mjini ikaanza kuchapa lake, Kiongozi, nalo lilitoka kila mwezi mpaka mwaka 1916, vita vilipoutoa mji mikononi mwa Wajerumani. Shule hiyo ilikuwa ya kwanza ya serikali katika koloni zima. Vijana walifundishwa humo kazi ya uchapaji: kupanga herufi za risasi, kutia wino, kuendesha mashine. Kwa wakati ule hiyo ndiyo ilikuwa teknolojia mpya, kama kompyuta ilivyo kwetu. Walimu na makarani walioko mbali waliandika habari za miji yao wakazituma Tanga, zikachapwa, zikarudi bara.

Waliojua kusoma walikuwa wachache, kwa hiyo gazeti moja lilikuwa la watu wengi. Mmoja alisoma, wenzake wakasikiliza, wakaulizana. Mwaweza kuona kwamba hata mashine ya kwanza ya kuchapa hapa kwetu ilihitaji baraza ili ifanye kazi yake.

Mwezi wa pili ni wa mshahara. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Njiani mingi ilikufa, na 62 tu iliyobaki ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga kwenda bara, nayo ilifika Moshi mwaka 1911. Mkonge, reli na bandari vikaleta watu wa kila kabila: Wanyamwezi, Wamanyema, Warundi, na wengine tuliowaita manamba, wakakaa pamoja na Wadigo, Wabondei, Wasegeju, Wazigua na Wasambaa. Kibarua wa mkonge alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama, na kadi ilipojaa ndipo akalipwa. Karani naye alingoja mwisho wa mwezi. Hivyo fedha iliingia mjini kwa mwezi, na mambo mengi ya watu, kuanzia ada za chama hadi kiingilio cha dansi, yakafuata kalenda hiyo.

Ngamiani yenyewe, na barabara zake zilizopewa namba badala ya majina, ndipo watu hao walipokaa pamoja. Ukimuuliza mtu wa Tanga anatoka wapi, atakutajia namba. Ukimuuliza zaidi, atakutajia chama.

Chama cha makarani, 1922

Machi 1922 Martin Kayamba na wenzake walianzisha hapa Tanga chama cha Waafrika walioajiriwa serikalini, kilichojulikana kwa Kiingereza kama Tanganyika Territory African Civil Service Association. Kayamba asili yake ni Bonde, alisoma Kiungani, Unguja, na wakati huo alikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini kwetu. Baadaye, mwaka 1931, alikuwa miongoni mwa Waafrika waliopelekwa London kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika.

Lakini mwaka 1922 jambo lililomshughulisha lilikuwa la karibu zaidi. Wasomi wa Tanga walikuwa wamegawanyika. Upande mmoja walikuwa makarani Wakristo waliotoka shule za misheni, upande wa pili walimu na makarani Waislamu waliotoka shule ya serikali. Walifanya kazi katika mji mmoja, mara nyingine chini ya paa moja, na jioni kila mmoja akaenda zake. Chama kiliwapa mahali pa kukutana, magazeti ya kusoma, masomo ya jioni na mpira wa kucheza pamoja.

Hicho ndicho chama cha kwanza cha aina yake katika Tanganyika, na wanahistoria hukihesabu miongoni mwa watangulizi wa African Association iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, ambayo baadaye ikawa TAA, na mwaka 1954 TAA ikazaa TANU. Ni mnyororo mrefu, na sitaki kuuvuta zaidi ya ulipofika. Ninachosema ni kwamba mwanzo wake ulikuwa mdogo: watu wa ofisini, chumba, magazeti, siku ya kukutana.

Mimi ni mhasibu. Kwa jina la zamani ningeitwa karani wa hesabu, na ningefurahi sana kuwa mwanachama wa Kayamba. Lakini lazima niseme pia kasoro yake. Kilikuwa chama cha wenye kalamu. Mchukuzi wa bandarini na mkata mkonge wa Amboni hawakuwa na nafasi humo. Wao walikuwa na vyama vyao.

Upande wa ngoma

Tukisikia neno beni leo tunafikiri ni fujo ya tarumbeta na mavazi ya kizungu. Ilikuwa zaidi ya hapo. Beni ilianza kwenye pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka kwetu, kisha ikaenea karibu Tanganyika yote na kuvuka mipaka. Palikuwa na vyama viwili vikuu vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Kila kimoja kilikuwa na vyeo: mfalme, majenerali, makatibu. Wazungu wengine waliona ni mzaha wa watu wanaowaiga, wengine wakaogopa kwamba ni jeshi la siri.

Mhasibu anaona jambo jingine. Chama chenye mfalme na makatibu ni chama chenye mgawanyo wa kazi. Wanachama walichanga. Mwenzao akiugua walimsaidia, akifa walimzika kwa heshima, na mgeni aliyetoka mbali bila ndugu alipata ndugu. Mtu aliyetoka Tabora akaja Tanga kukata mkonge, akapata homa barabara ya nane, alihitaji watu wa kumjua jina.

Kasoro nayo ilikuwapo. Mashindano yalikula fedha. Chama kimoja kikifanya karamu, cha pili kilitaka kufanya kubwa zaidi, na kilichochangwa kwa miezi kikaisha kwa usiku mmoja. Sisi wa Tanga tunaujua ugonjwa huo mpaka leo, na sitataja harusi ya mtu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mji wetu ulikuwa na mikutano ya aina mbili isiyosalimiana. Huku kalamu, magazeti na masomo ya jioni, kule ngoma, nyimbo na maziko. Wenye maarifa ya ofisini walikosa watu wengi, na wenye watu wengi wakakosa mtu wa kuwaandikia mambo yao. Ndiyo maana tunajua zaidi chama cha Kayamba kuliko tunavyojua majina ya wacheza beni wa Ngamiani.

Karani wa Pangani

Yupo mtu mmoja aliyekuwa pande zote mbili, naye ni wa kwetu. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Mwaka 1926 aliajiriwa idara ya forodha, akafanya kazi Pangani, na alikaa katika idara hiyo mpaka mwaka 1944. Baadaye alihamia idara nyingine, akarudi Tanga, na akafariki mwaka 1962.

Watoto wetu wanafundishwa kwamba alikuwa mshairi mkubwa, nao wanadhani mshairi ni mtu anayekaa chini ya mwembe akingoja maneno. Wasomeeni na upande huu. Kwa miaka 18 mtu huyu kazi yake ilikuwa ya forodha: mizigo, ushuru, vitabu vya serikali. Aliyeandika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, alijua safu ya kuingia na safu ya kutoka. Hakuona kwamba kalamu ya hesabu na kalamu ya shairi ni vitu vya watu wawili tofauti.

Nasema haya kwa sababu nyumba tunayotaka kuifungua tumeiita ya teknolojia na utamaduni, na wapo waliosema tumechanganya mafuta na maji. Karani wa Pangani hakuona hivyo.

Nyota za Tanga

Baada ya Vita Vikuu vya Pili mkonge ulikuwa na bei nzuri, na Tanga ikawa mji wa muziki. Vijana wa Kinyamwezi walikuwa na bendi yao ambayo baadaye ikawa Jamhuri Jazz. Ilikuwapo Atomic Jazz, ilikuwapo Amboni Jazz. Katika taarabu Black Star Musical Club ilifanya jambo ambalo wengine hawakuthubutu. Miaka ya 1960 iliingiza magitaa ya umeme katika muziki uliozoea udi, fidla na kanuni, ukawa muziki wa kuchezeka. Mtindo huo ulitoka hapa ukafika pwani ya Kenya na hata Burundi. Lucky Star ikaja kushindana na Black Star, na katika vikundi hivyo akang'ara Shakila Saidi, ambaye baadaye Dar es Salaam na nchi nzima ikamfahamu. Alifariki mwaka 2016.

Angalieni neno walilotumia: club, yaani chama. Hazikuwa kampuni. Ziliishi kwa wanachama, kwa kiingilio cha mlangoni, na kwa fedha ambazo wasikilizaji, hasa akina mama, walimtunza mwimbaji. Gitaa la umeme nalo lilikuwa teknolojia: lilitaka kipaza sauti, spika, umeme, na fundi anayejua waya upi umeungua. Vijana waliokwenda kwenye mazoezi walijifunza ushairi na ufundi katika chumba kimoja bila mtu kuwaambia kwamba ni masomo mawili.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Bei ya dunia ikaanguka, nyuzi za plastiki zikaingia, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000 tu. Mshahara wa mwezi ulipokauka, ada ya mwezi ilikauka nayo. Vyombo viliharibika vikakosa vipuri. Wenye vipaji wakafuata fedha. Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George, waliopigia Jamhuri Jazz, walikwenda Arusha, kisha Mombasa, kisha Nairobi, na bendi yao ya Simba Wanyika ikawa fahari ya Kenya. Hatuwalaumu. Mtu huenda anakolipwa, na sisi tunaosoma kijitabu hiki tukiwa Dar es Salaam, Mwanza au Muscat tumefanya hivyohivyo.

Ninachojiuliza kama mhasibu ni nini kilibaki. Mpira ulibaki. Coastal Union na African Sports zipo, na wengi wetu tunakumbuka mwaka 1988, Coastal ilipochukua ubingwa wa Tanzania Bara. Klabu za mpira zilipata wapenzi wanaozifuata kutoka kizazi hadi kizazi. Bendi na vikundi vingi havikupata. Nenda leo Ngamiani utafute daftari moja la wanachama wa bendi ya zamani, orodha ya nyimbo, jina la aliyetunga na mwaka aliotunga. Utapata wazee wanaokumbuka, na kila mwaka tunawazika wachache. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumepoteza mali ya namna hiyo, na habari yake pia.

Vumbi juu ya kompyuta

Sasa nifike kwenye kosa letu wenyewe, kwa maana historia isiyomgusa anayeiandika ni masimulizi tu.

Miaka kadhaa iliyopita chama chetu kilichanga kompyuta tukazipeleka kwenye shule moja nyumbani. Tulipiga picha, tulihutubia, tulikula pilau. Baada ya miaka miwili nilipita pale nikiwa likizo. Chumba kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo alitafutwa karibu saa nzima. Ndani kompyuta zilikuwa zimepangwa vizuri, vifuniko vya nailoni bado viko juu yake, na juu ya vifuniko vumbi. Mwalimu aliyejua kuzitumia alikuwa amehamishwa. Umeme wa luku ulikuwa umeisha zamani na hakuna aliyejua ni kazi ya nani kuununua. Hakuna aliyeiba hata kipanya kimoja. Zilikufa kwa heshima.

Kwenye mizania yetu ya mwaka ule kompyuta hizo bado zilisomeka kama mali. Nami ndiye niliyeiandika mizania hiyo. Mimi pia ndiye niliyetengeneza makisio ya mradi, na katika makisio yale hapakuwa na shilingi moja ya luku, ya bando, ya mtu wa kufungua mlango, wala ya siku ambayo watu wangekutana pale kuzitumia. Tulinunua vitu, tukasahau kununua matumizi yake. Shule haikuwa na kosa kubwa kuliko letu.

Ndiyo sababu mzee alipouliza juu ya fedha za kukutana, nilijua kwamba ameweka kidole mahali penyewe.

Majirani zetu wanafanyaje

Hatuanzi gizani. Mwaka 2009 mkonga wa mawasiliano wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa kupitia baharini, na baada ya hapo intaneti ya kasi ikaanza kuwa kitu cha watu wa kawaida. Vikafuata vituo vya vijana wa teknolojia. Kwa watu wa pwani mfano ulio karibu zaidi ni Swahilipot Hub ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 2016 karibu na Fort Jesus, ukingoni mwa Mji wa Kale. Pale vijana wanaoandika programu za kompyuta na vijana wa mashairi, maigizo na muziki wanatumia kiwanja kimoja, bahari iko mbele yao, na wamefika hata kuwa na redio yao. Wamefanya Mombasa kile ambacho mazoezi ya Black Star yalikuwa yakifanya Ngamiani bila jina.

Hapa Tanga kwenyewe kuna jambo la kujivunia. Mwaka 2021 ilifunguliwa STEM Park, bustani ya sayansi inayosimamiwa na Projekt Inspire chini ya mpango wa Tanga Yetu, ambao fedha zake zinatoka kwa taasisi ya Fondation Botnar ya Uswisi. Watoto wetu wanacheza wakijifunza kanuni za sayansi kwa mikono yao. Wapelekeni wanenu mkija likizo.

Kwa nini basi na sisi tufungue kanyumba ketu? Kwa sababu ya mambo mawili. Bustani ile ni ya watoto na wanafunzi, na ni vema iwe hivyo. Sisi tunamtaka na mama muuza samaki wa Deep Sea, fundi pikipiki wa Makorora na mzee mstaafu wa reli. La pili ni la kihasibu. Fedha ya mfadhili, hata awe mwema namna gani, ina tarehe ya mwisho katika mkataba. Ada ya mwanachama haina tarehe hiyo mpaka mwenyewe akatae. Wagosi wa Kaya hatuwezi kuwaachia Waswisi jambo hili peke yao.

Mikutano yetu itakavyokuwa

Mahali tumekwishapata: vyumba viwili vya kupanga Ngamiani, vyenye baraza pana mbele. Tumeamua kupanga, hatujengi kwanza. Kujenga kunapendeza machoni, lakini nyumba inaweza kusimama miaka 50 ikiwa na kufuli mlangoni. Tukikutana miaka mitatu bila kukosa mwezi, tutazungumza habari ya kiwanja.

Tutakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya sala ya Alasiri, mpaka karibu na Magharibi. Nusu ya kwanza ni ya kujifunza jambo moja tu, la kumsaidia mtu kesho yake. Mwezi mmoja itakuwa namna ya kuandika mauzo na madeni ya biashara ndogo kwa simu. Mwezi mwingine namna ya kumtambua tapeli anayekutumia ujumbe wa fedha. Mwezi mwingine vijana waliomaliza kidato cha sita wataletewa waliokwisha kuomba mkopo wa elimu ya juu kwa mtandao, wawaonyeshe fomu inavyojazwa, kwa maana tunajua wanaokosa mkopo kwa sababu ya herufi moja ya jina. Vikundi vya vikoba vitaleta vitabu vyao, na mimi nimejitolea kuvikagua bila malipo nikiwa nyumbani.

Nusu ya pili ni ya mzee au mama aliyealikwa. Atasimulia: aliyekuwa mkonge, aliyekuwa kwenye reli, aliyepiga gitaa, aliyecheza mdumange, aliyepika kwenye harusi za zamani. Vijana ndio watakaorekodi sauti na picha, kwa mashine ileile waliyojifunza nusu saa kabla. Kila rekodi itaandikwa jina la msemaji, tarehe, mahali na yaliyosemwa, itahifadhiwa mahali pawili, na familia ya msemaji itapewa nakala yake. Kijana anajifunza ufundi, mzee anaachiwa jina, na mji unapata daftari ambalo haukuwahi kuwa nalo.

Kabla ya kuachana mtunza fedha wa zamu atasoma kwa sauti kilichoingia na kilichotoka mwezi ule, hata kikombe cha kahawa, na karatasi itabandikwa ukutani. Ninajua wengine wataona ni uchoshi. Nawaomba mvumilie uchoshi huu, kwa sababu miradi mingi ya nyumbani tumeisikia ikianza na hatukusikia hesabu yake ikisomwa.

Hesabu

Nimeahidi kwamba hesabu itakuja. Ni fupi. Gharama za kila mwezi ni pango, luku, bando, mlinzi wa mlango ambaye pia atasafisha, nauli ya mzee aliyealikwa, kahawa na kashata. Kompyuta hazimo, wanachama wamekwishajitolea zilizotumika zikiwa nzima.

Watu 100 wakitoa shilingi 5,000 kila mwezi ni shilingi 500,000, na kwa mwaka 6,000,000. Yupo ndugu yetu mmoja mwenye uwezo aliyesema angeweza kutoa kiasi hicho peke yake kwa mkupuo, tusiwasumbue watu. Nilimshukuru, na kwa ruhusa yake naandika nilivyomjibu. Kwa kitabu cha hesabu fedha ni ileile. Kwa chama si ileile. Mtu mmoja akiugua, akihama au akikasirika, mlango unafungwa siku hiyohiyo. Watu 100 hawakasiriki pamoja. Na anayetoa 5,000 kila mwezi huuliza kila mwezi imefanya nini, na swali hilo ndilo litakalozuia vumbi lisikae tena juu ya vifuniko vya nailoni. Ndugu yetu amekubali. Atakuwa mmoja wa wale 100, na kile kingine atakiweka akiba kwa ajili ya kiwanja.

Sasa namrudia mzee wangu. Shikamoo, mzee. Uliuliza tangu lini watu wa Tanga wakalipiwa kuzungumza. Nimetafuta sikuona. Nilichokiona ni kwamba walijilipia wenyewe. Makarani walichangia magazeti yao, wacheza beni wakachangia maziko yao, na mama zetu wakatoa noti kwenye kanga wakamtunza mwimbaji ili kikundi kiendelee mpaka wiki nyingine. Walipoacha kuchanga, mazungumzo yalikwisha, na yaliyozungumzwa yakaenda nayo. Tunachokuomba ni kile baba zako walichokuwa wakitoa.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Jaza jina, kiasi, na mwezi utakaoanza. Usiandike kiasi kikubwa cha kupendeza. Andika kile utakachoweza kutoa mwezi wa mvua, mwezi wa ada za shule na mwezi wa Ramadhani. Ukishajaza mpe mjumbe wa meza yako leo kabla ya chakula. Na wewe mzee, kiti chako cha mkutano wa kwanza tumekwishakiweka barazani. Tunataka uanze kwa kutusimulia wewe.